Majina Mawili kwenye Foni

Jana mlimcheka Salima hapa barazani kwangu mnapochajia simu, hadi akaondoka na simu ambayo haijajaa moto. Nilikuwa ndani nabadilisha waya wa paneli, lakini haya masikio yangu yalifanya kazi ya kusikiliza kwa miaka mingi kuliko umri wenu, kwa hiyo nilisikia yote. Mama yake alimtuma sokoni alete chumvi, mawese, dagaa na sabuni. Akarudi na sabuni na chumvi, akasimama mlangoni akijiuliza vingine vilikuwa nini. Mmoja wenu akasema, "Na huyu njo anasomea uuguzi! Atatuchoma sindano ya mwenzetu." Mkacheka tena.

Sikutoka kuwagombeza. Nilikuwa na hasira, na Papa Tambwe aliyenifundisha kazi alinizoeza nikikasirika niinuke kwanza, ninywe maji, nikae tena, ndipo nifungue mdomo. Leo nimekwisha kunywa maji. Acheni simu zijae, mnisikilize.

Mnajua kwamba nilikuwa mtu wa foni, lakini wengi wenu hamjui foni ilikuwa nini. Kabla minara ya simu haijafika Kasongo, mtu akitaka habari za ndugu yake aliye Kabambare, Lusangi au Salamabila alikuja kwetu, kwenye nyumba ya matofali nyuma ya soko. Ndani kulikuwa na kisanduku cha redio chenye mikro, batri ya gari iliyolishwa na paneli, na juu ya bati waya wa antena uliovutwa kutoka nguzo moja hadi nyingine. Ukibonyeza kitufe cha mikro unasema. Ukikiachia unasikiliza. Yote mawili kwa pamoja haiwezekani, na kuna wateja ambao hawajalielewa jambo hilo hadi leo. Mtu alibonyeza, akafoka, akauliza, akajijibu, akalia, na mwenziwe kule mbali anasubiri tu zamu yake. Wakitoka hapo kila mmoja anasema mwenzake siku hizi ana kiburi.

Sauti ilikuja imefunikwa na mvumo kama wa mafuta yanayokaanga. Asubuhi mapema ilikuwa safi, alasiri pia. Jua likiwa kichwani ilikuwa taabu tupu. Radi ikianza kunguruma tulichomoa antena mara moja, hata kama bwana harusi alikuwa katikati ya kukubaliwa mahari. Tulipitisha bei za mchele, habari za watoto waliozaliwa, magomvi ya mashamba. Tulipitisha na vifo. Kwa sababu ya vifo, Papa Tambwe alikuwa mkali sana.

Alikuwa Mubangubangu wa Kabambare, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, Mkatoliki aliyejua saa zetu za sala kuliko sisi wenyewe, maana alipanga saa za kusikilizana na vituo vingine zisigongane nazo. Alipotupokea tulikuwa watatu: Ramazani, Faida na mimi. Hakutuuliza tumefika darasa gani. Alimwita kila mmoja peke yake, akamwambia kwa haraka, "Funga dirisha, mwaga yale maji ya ndoo, niletee waya mwekundu, halafu niambie nani amepita nje na kinga." Kisha akaanza kupiga kelele na sufuria.

Mimi nilileta waya mwekundu, nikarudi nikafunga dirisha, nikasahau ndoo. Yule wa kinga, yaani baiskeli, sikumwona kabisa, maana nilikwisha kufunga dirisha. Papa Tambwe alicheka kidogo tu, akasema, "Mimi sitafuti kichwa kizuri. Nataka nijue kila kichwa kinamwaga wapi."

Ramazani alifanya yote manne kwa mpangilio. Alikuwa kijana wa familia ya dukani, baba yake na babu yake wafanyabiashara wa hapa mjini, na tangu utoto alisifiwa kwa kuhifadhi Kurani. Ungemsomea majina ya abiria wa lori zima, naye angeyarudisha kuanzia mwisho. Alisikiliza mesaji ndefu bila kushika kalamu, kisha akaiandika polepole, kama mtu anayenakili kitu kilichobandikwa ukutani. Sisi tulimtazama kwa wivu. Lakini ilitupasa tumwache atulie. Siku moja kuku aliingia akaruka juu ya meza. Ramazani akamfukuza, na aliporudi kukaa, mesaji nzima ya mfanyabiashara wa Lusangi ilikuwa imetoka na kuku. Tulicheka siku ile. Hatukulifikiria zaidi.

Tena alikuwa na jambo jingine: kilichofika kichwani kilitoka mdomoni hapo hapo. Habari ya harusi aliitangaza kabla mteja hajafika kwenye kiti.

Faida alikuwa kinyume. Wazazi wake walitoka upande wa Kivu kufuata dhahabu, wakahamahama kutoka machimbo hadi machimbo, mwishowe wakatulia Kasongo. Ukimpa mambo matatu, la tatu lililisukuma la kwanza nje. Kwenye lile jaribio alifunga dirisha, akasimama katikati ya nyumba, akasema, "Papa, yamebaki mangapi?" Ramazani alimwita Mama Yamebaki kwa muda mrefu. Hata mimi niliona huyu hatakaa. Lakini Faida alijijua, na hakuona haya. Mtu wa kule mbali akianza kumwaga maneno, alimkatiza zamu yake ilipofika: "Simama hapo. Rudia polepole." Aliandika kipande, akakisoma, akasubiri aambiwe ndiyo, akaomba kingine. Ukija kumsumbua, kidole chake kilibaki kwenye neno aliloandika mwisho, mkono wa pili ukakuonyesha ungoje. Akimaliza na wewe alirudi pale pale kwenye kidole. Na siri ya mtu ilikaa tumboni mwake kana kwamba hakuisikia.

Mimi kichwa changu hakikuwa kikubwa wala kidogo, lakini hakikujua kugeuka. Nikianza kumwita mtu kwenye mawimbi fulani, naita tu, naita, hata pakiwa pamechafuka hapafai tena, mpaka Papa Tambwe anyooshe mkono azungushe kitufe mwenyewe. "Ule mutu ameshahama," alikuwa akiniambia. "Wewe unabisha hodi kwenye nyumba tupu."

Nimewaeleza haya ili mjue watu wenyewe kabla sijawaambia kilichotokea.

Ilikuwa msimu wa mvua. Motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliyetoka upande wa Salamabila alifika jioni, amejaa matope hadi kichwani, akasema shimo limeanguka kwenye machimbo madogo mbele ya kule, na vijana wa Kasongo wamo ndani. Majina hakuyajua. Kesho yake asubuhi tulipokuja kufungua tulikuta watu wamekwisha kujaa uani. Hakuna aliyesalimia kwa sauti.

Papa Tambwe hakuwepo. Alikwenda Kabambare kwenye msiba wa kwao. Usiku upepo ulikuwa umelegeza antena, kwa hiyo mimi nilipanda ngazi niikaze. Ndani, Ramazani alivaa kaske za masikioni na kushika mikro. Faida alikaa mlangoni azuie watu.

Miongoni mwa waliongojea walikuwapo wanawake wawili. Mmoja ni Mama Zubeda, mjane aliyekuwa akiuza mikate ya mchele karibu na msikiti. Mwanawe wa pekee, Saidi Amuri, alikwenda kuchimba dhahabu. Wa pili ni Mwajuma, mke kijana wa Amuri Saidi. Saidi na Amuri walikuwa marafiki tangu wadogo, na mtaa mzima uliwatania kwamba wana jina moja, mmoja amelivaa sawasawa na mwingine amelivaa nje ndani. Walikwenda machimboni pamoja, wakalala kibanda kimoja, wakaingia shimo moja.

Kule mbali mwenzetu alipatikana. Batri yake ilikuwa karibu kufa, akasema yote kwa mkupuo: vijana watatu wa Kasongo wametoka wazima, Saidi Amuri amevunjika mguu, yuko dispansere, Amuri Saidi amefariki, anazikwa leo, tumeni dawa na bandeji kwa motari wa kwanza, tutasikilizana alasiri. Kisha akakatika.

Kanuni ya Papa Tambwe ilikuwa hii: unaandika huku unasikiliza, unamsomea aliyesema, yeye anakubali, ndipo mesaji inakuwa mesaji. Na habari ya kifo haitolewi dirishani wala mlangoni. Anaitwa mkubwa wa ukoo, mnakwenda naye nyumbani. Ramazani hakuandika, maana hajawahi kuhitaji. Hakusoma tena, maana batri ya kule ilikuwa inakufa. Yote yalikuwa kichwani, yamejipanga, anageuka achukue kalamu.

Mama Zubeda akapita chini ya mkono wa Faida. Alimfikia Ramazani, akamshika bega kwa mikono miwili, kaske zikaanguka mezani.

"Ramazani, mutoto wangu iko wapi? Saidi yangu iko muzima?"

Faida aliniambia baadaye kwamba aliuona uso wa Ramazani ukiwa mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Kisha majina yakamrudia. Yalirudi yote mawili, ila yamebadilishana viti. Na kwa sababu yamerudi, yakatoka.

"Mama, Saidi amefariki. Amuri njo amevunjika mguu."

"Nyamaza!" Faida alisema. "Hujarudisha mesaji! Hujaandika hata neno!"

"Nimesikia mimi mwenyewe. Siku gani nimekosea?"

Na kweli, hakuna aliyeweza kumtajia siku. Faida akanyakua mikro, akaita, akaachia, akasikiliza. Mafuta yanakaanga tu.

Mimi nilishuka ngazi kwa kusikia kilio. Mama Zubeda alikuwa amekaa sakafuni, kitambaa cha kichwa kimeanguka, anapiga sakafu kwa kiganja. Mwajuma alikuwa amepiga magoti amemkumbatia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, maana Saidi alikuwa kama shemeji yake. Lakini alipoinua uso nikaona ndani ya yale machozi jambo ambalo asingeweza kulificha. Mume wake yu hai. Alimshika Mama Zubeda mkono hadi nyumbani kwake, akamtandikia mkeka, akangoja majirani wafike. Kisha akaomba ruhusa, akaenda sokoni kutafuta samaki, ili ampikie mume wake chakula cha kupelekewa dispansere na motari atakayeondoka.

Watu walitawanyika. Kilio kikaanza upande wa msikiti. Ramazani alikaa anaandika, kwa mwandiko wake mzuri, mesaji nzima: bandeji, dawa, wale watatu wazima. Hakukosea herufi.

Faida hakukaa. "Papa Asumani," aliniambia, ingawa siku zile nilikuwa kijana na alikuwa akinitania kwa kuniita Papa, "mimi sina hakika."

"Huna hakika na nini? Wewe ulisikia?"

"Sikusikia. Yeye mwenyewe alipotaja yale majina, macho yake yalikuwa bado hayajarudi."

Nilimpa batri ya akiba, nikazisafisha nguzo zake za kufungia waya kwa maji ya moto, tukaifunga. Akakaa mbele ya foni kuanzia hapo, ingawa saa ya kusikilizana ilikuwa mbali.

Alasiri mwenzetu wa kule alirudi hewani. Ramazani alitaka kuchukua kaske. Faida hakumpa. Alizichomoa kabisa ili sauti itoke kwenye kisanduku sote tusikie.

"Nipe jina la yule aliyevunjika mguu," alisema. "Jina la kwanza peke yake. Halafu uachie."

"Saidi."

"Saidi. Naandika Saidi. Jina la baba yake?"

"Amuri."

"Saidi mwana wa Amuri. Mama yake anauza mikate?"

"Ndiyo huyo. Ameniomba nimwambie mama asije, njia imeharibika."

Ramazani alikuwa amesimama. Taratibu akaegemea ukuta.

"Sasa nipe jina la marehemu," Faida alisema. "Polepole."

"Amuri. Mwana wa Saidi. Tumemzika baada ya adhuhuri. Mvua ilituachia nafasi."

Faida alisoma yote tangu mwanzo. Kule wakasema ndiyo. Akaweka mikro chini.

Ramazani alikimbilia mlango. Faida alikuwa amefika mbele yake, na alikuwa mwanamke mdogo wa mwili.

"Niache! Mama wa watu analia bure!"

"Atalia tena kidogo. Kaa."

"Mutoto wake iko muzima, Faida!"

"Ukimwambia sasa hivi, vigelegele vitasikika mtaa mzima. Mwajuma iko jikoni kwake, atavisikia. Atajua mwenyewe, peke yake, kwa furaha ya watu wengine." Alimshika mkono. "Kwanza baba mudogo wa Amuri. Halafu Mwajuma. Halafu Mama Zubeda. Niambie."

"Nini?"

"Nirudishie. Kwanza nani?"

Ramazani alirudisha, kama mtoto wa darasa la kwanza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Faida hakuwa akimfundisha. Alikuwa anaogopa kuusahau mpango huo yeye mwenyewe.

Tukamchukua baba mdogo wa Amuri na mke wake. Njia ya kwenda kwa Mwajuma ilipita mbele ya nyumba ya Mama Zubeda, na hakukuwa na nyingine isipokuwa kuzunguka soko lote. Vijana, nimefanya kazi wakati wa vita, nimepitisha habari ambazo sitawaambia, lakini kupita pale ndiko kulikonishinda kuliko yote. Tulimsikia akimwita Saidi kwa majina ya utotoni. Ukuta wa udongo tu ulitutenga naye, na dawa yake ilikuwa mdomoni mwetu. Faida alikamata mkono wa shati la Ramazani, naye Ramazani alitembea amefumba macho. Tukapita.

Mwajuma alikuwa uani anafunga sufuria kwa kitenge, amelipiga fundo zuri juu. Nyumba yote ilinukia wali na samaki. Alituona, akatabasamu kwa haya kidogo, kama mtu aliyekutwa na furaha siku ya msiba wa jirani.

"Karibuni. Kuna kitu munataka kuongeza kwa muzigo?"

Kisha akamwona baba mdogo. Akalitazama lile fundo.

Faida alimsogelea, akamwambia kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida, bila kuzunguka. "Mwajuma, majina yaligeuka. Aliyefariki ni Amuri. Wamemuzika leo. Sisi njo tulikosea."

"Lakini nimepika," Mwajuma alisema.

Mke wa baba mdogo alimpokea, wakaketi wote wawili chini, na ile sufuria ikabaki katikati ya uwanja.

Ndipo tukaenda kwa Mama Zubeda. Faida aliingia peke yake kati ya wanawake, akainama, akamnong'oneza. Sisi tulisimama nje tukingoja vigelegele. Havikuja. Kilio kilikatika, kisha tukasikia Mama Zubeda akiuliza, "Sasa ni nani?"

Faida akamjibu.

Mama Zubeda aliinuka. Alifunga upya kitambaa chake, akatoka hadi uwanjani, macho yamevimba, akawatazama watu wote waliokuja kumlilia mwanawe. "Chukueni mikeka," alisema. "Na yale masufuria. Twende kwa Mwajuma." Na msiba mzima ukainuka, mikeka mabegani, maji ya kunywa ndani ya ndoo, ukatembea njiani. Wanawake waliokuwa wakimlilia Saidi wakaendelea na Amuri bila kupangusa uso.

Ramazani hakuja kazini. Papa Tambwe aliporudi kutoka Kabambare tulimweleza, naye hakupaza sauti. Alimfuata kwao, akamrudisha hadi kwenye kile kiti, akamwambia amwonyeshe: ulikaa hivi? Mama aliingilia huku? Mkono ulikugusa wapi? Ramazani alilia huku anaonyesha. Papa Tambwe alinyanyua meza, akaihamisha hadi ukuta wa nyuma. Akaleta seremala atenge sehemu ile kwa mbao na mlango, aweke komeo upande wa ndani. Tangu siku ile anayesikiliza alijifungia, na anayesema na watu alikuwa mwingine. Anayepokea kifo hakukitangaza yeye. Na kalamu ilishikwa hata na Ramazani.

Ramazani alimwambia, "Papa, nitajitahidi kutulia."

"Ulikuwa unajitahidi siku ile pia," Papa Tambwe alisema. "Nimekuwekea mlango."

Baada ya hapo Ramazani alikuwa mtu wa foni bora kuliko wote niliowajua. Nyuma ya ule mlango alivuta maneno kutoka ndani ya mvumo ambamo mimi na Faida tulisikia mvua tu. Faida alikaa mbele na watu. Mimi nilikuwa na Ramazani wa kunigusa bega nikikwama kwenye mawimbi mabovu.

Kwa hiyo mkiwa kazini, msimtazame mtu kwa alichokisahau tu. Mtazameni pia anafanyaje baada ya kujua kwamba anasahau. Salima akiandika kiganjani jina la mgonjwa na dawa yake, akamsomea mwenzake kabla ya kuchoma, mimi nitampa mkono wangu wote achome. Ninyi mnaokumbuka kila kitu, wewe motari unayepokea simu huku unaendesha, wewe wa duka unayehudumia watatu pamoja, hamjajua bado mnamwagia wapi, kwa sababu hakuna aliyewashika bega. Na kichwa si kile kile kila siku. Malaria hukipunguza, njaa hukipunguza, mtoto anayelia nyumbani hukipunguza. Siku kama hiyo mwambie mwenzako mapema.

Saidi alirudi mvua zilipopungua, amekalishwa kwenye kinga inayosukumwa, mguu umenyooshwa mbele. Aliishi, akaoa, anachechemea hadi leo. Mnamjua, ndiye anayetengeneza redio pale karibu na maegesho ya motari. Mama yake alimpapasa uso na mabega siku nzima. Lakini hakumsalimia Ramazani tena maisha yake yote. Alipita mbele yake na kapu la mikate, na Ramazani akisema "Shikamoo, mama," hewa tu ndiyo iliyompokea. Niliwahi kumwambia kwa upole kwamba mwanawe alirudi. Akanijibu, "Amerudi. Lakini mimi nilimuzika, Asumani. Saa zile zote nilimuzika."

Mwajuma alikaa eda yake, ikaisha, akaja kwenye foni kupeleka habari kwa wakwe zake walio Kabambare. Siku hiyo Faida alikuwa mgonjwa na mbele alikaa Ramazani. Ramazani alipomwona akasimama aniite mimi, niliyekuwa kwenye mlango wa ndani.

"Kaa," Mwajuma alisema. "Nimekuja kwako."

Akakaa. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, haijui iende wapi.

"Watu wananihurumia sababu ya ile siku," Mwajuma alisema. "Wanasema mulinichezea. Hata mama yangu anasema. Mimi ile siku nilikwenda soko, nikachagua samaki mukubwa, nikabishana bei, nikarudi nikapika nikiimba. Majina yangefika sawa, ningeanza kulia asubuhi. Mimi nilibaki bibi ya Amuri mpaka alasiri." Aliinua uso akamtazama. "Zile saa sitaki mutu anihurumie. Ni zangu."

Niliona midomo ya Ramazani inafunguka. Kisha akaifunga, akavuta karatasi. Mwajuma akasogeza kiti karibu na meza, akaanza kumpa majina ya wakwe zake, moja baada ya jingine, naye akaandika.